Madirisha ya kumbukumbu za vita: picha inatunzwa, majina yanapotea

Dirisha la vioo vya rangi lililowekwa Uingereza kuwakumbuka waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918 huvuta jicho juu. Huko ndiko aliko Kristo, au Mtakatifu George na joka lake, au Malaika Mikaeli mwenye upanga. Majina ya wafu yamepangwa chini kabisa, kwenye ukanda mwembamba wa kioo unaokaribia kugusa kizingiti. Ndiko maji yanakotua pia. Kila tone linalojitengeneza juu ya kioo usiku wa baridi huteremka na kusimama hapo, juu ya herufi. Kwa hiyo sehemu iliyofanya dirisha litengenezwe ndiyo inayokufa kwanza, huku kamati ikichangisha fedha za kung'arisha mbawa za malaika.

Kanisani hali hiyo ni mbaya. Katika kumbi za parokia, majengo ya YMCA (chama cha vijana wa Kikristo) na madarasa ya shule za Jumapili ni mbaya zaidi, kwa sababu mbili zisizohusiana: jinsi jengo linavyotumika, na jinsi sheria inavyolitazama. Watunzaji wengi hawajui hata moja kati ya hizo, na fedha kidogo walizonazo wanaziweka mahali pasipo na ugonjwa.

Tuanze na swali la kwa nini madirisha haya yalifika kwenye kumbi. Tangu 1915 serikali ya Uingereza ilizuia miili ya askari kurudishwa nyumbani, na mwaka 1917 ikaundwa tume ya makaburi ya vita kuwazika na kuwaandika huko huko walikoangukia. Familia nyingi zikabaki bila kaburi la kulitembelea. Vita vilipokwisha, karibu kila parokia iligombana juu ya jambo moja: tujenge mnara wa jiwe, au kitu kitakachowafaa walio hai? Waliotaka kitu cha kufaa walijenga kumbi. Lakini ukumbi usio na alama ni ukumbi tu. Baada ya miaka 20 hakuna anayekumbuka ulijengwa kwa ajili ya nani. Dirisha, pamoja na kibao cha shaba chini yake, ndilo lililougeuza ukumbi kuwa kumbukumbu. Ukiliondoa, kinachobaki ni chumba kikubwa chenye viti.

YMCA wana historia yao humo. Chama kilianzishwa London mwaka 1844 na George Williams, na wakati wa vita vibanda vyake vyenye alama ya pembetatu nyekundu viliwapa askari chai, karatasi za barua na mahali pa kukaa. Ndani ya Westminster Abbey lipo dirisha linalomkumbuka Williams pamoja na kazi hiyo ya vitani. Hilo linatunzwa na watu wenye ujuzi na bajeti. Madirisha yanayopaswa kututia wasiwasi ni yale yaliyo juu ya jukwaa la ukumbi, yaliyofichwa nyuma ya pazia la maigizo.

Kuhusu picha zenyewe sitakaa sana. Nyingi ziliazima. Mchoro wa James Clark wa 1914, unaoonyesha askari kijana aliyelala amekufa miguuni pa msalaba, ulisambazwa kwa nakala za karatasi nchi nzima na baadaye ukanakiliwa katika vioo mahali pengi. Wengine walimchukua Galahad, yule shujaa wa hadithi za Mfalme Arthur, wakampa sura ya mtoto wa mfadhili. Chuma cha kivita cha karne za kati kilikuwa rahisi kukivumilia kuliko tope la mahandaki, na kwa fundi kilikuwa rahisi pia, kwa kuwa kaki ni rangi ngumu: kwenye kioo huelekea kuwa kahawia iliyochoka. Zipo kazi zilizopita kiwango hicho kwa mbali. Dirisha la Wilhelmina Geddes katika kanisa la Mtakatifu Bartholomayo, Ottawa, la 1919, ni mojawapo. Madirisha ya Douglas Strachan katika ukumbusho wa taifa wa Scotland, uliofunguliwa ndani ya ngome ya Edinburgh mwaka 1927, ni mengine. Ila thamani ya dirisha la ukumbi haipimwi kwa kipaji cha mchoraji. Dirisha la kawaida, lililonunuliwa karakana ya kawaida, likiwa na majina 43, lina kitu ambacho kazi bora isiyo na majina haina.

Majina nayo yasomwe kwa akili. Dirisha zima la mtu mmoja mara nyingi ni la afisa, kwa kuwa baba yake aliweza kulilipia. Askari wa kawaida walikusanywa kwenye orodha. Orodha nyingine hufuata vyeo, nyingine alfabeti, na hilo peke yake linaeleza kamati ya wakati ule ilivyofikiri. Na wapo wasioandikwa popote. Ripoti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyotolewa Aprili 2021, ilikiri kwamba angalau watu 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, wapagazi wetu wakiwemo. Mwenye jina kwenye kioo ana bahati ambayo wapagazi hao hawakuipata, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutoliachia jina lichubuke.

Sasa tuingie kwenye kioo chenyewe. Rangi ya kioo chekundu au cha buluu imo ndani ya kioo, haitoki. Mistari ya uso, mikunjo ya nguo na herufi ni kitu kingine: ni rangi iliyopakwa juu. Ni mchanganyiko wa oksidi ya chuma au ya shaba na unga wa kioo laini, unaochomwa kwenye tanuri kwa nyuzi joto 600 hadi 680 hivi, mpaka uyeyuke na kushikana na kioo cha chini. Ikichomwa vizuri hudumu karne nyingi. Ikichomwa nusunusu, kwa sababu tanuri halikufika joto au kioo kilitolewa mapema, inaonekana salama siku ya uzinduzi kisha inaanza kumenyuka wajukuu wakiwa wazee.

Herufi za majina ziliandikwa kwa njia kadhaa, na kila njia ina kifo chake. Iliyo nyepesi kuliko zote ni kuandika kwa brashi, herufi nyeusi juu ya kioo cheupe. Ikimenyuka, jina linapotea herufi kwa herufi. Njia ya pili ni kupaka kioo chote weusi, kuuacha ukauke, kisha kuchokoa herufi kwa kijiti kilichochongwa ili mwanga upite. Hapa uharibifu unakuja kinyume: weusi wa kandokando ukianza kudondoka, mwanga unaingia kila mahali na jina linamezwa na madoa. Njia ya tatu ilitumia kioo cha matabaka mawili, tabaka jembamba jekundu juu ya kioo cheupe, na tindikali ya hidrofloriki ikala tabaka la juu kwa umbo la herufi. Herufi hizo hazimenyuki, kwa kuwa hakuna kilichopakwa. Ukizikuta, shukuru, halafu peleka wasiwasi wako kwingine.

Kundi la nne ndilo linalosumbua. Vita vya pili vilipokwisha 1945, ukumbi uliokuwa na dirisha la vita vya kwanza ulihitaji kuongeza majina. Kazi nzuri ilikuwa kutoa paneli ya chini, kuandika na kuchoma upya. Kazi rahisi ilikuwa kuandika juu ya kioo kikiwa mahali pake, kwa rangi ya kawaida isiyochomwa kabisa. Rangi hiyo imekaa juu ya kioo kama bango lilivyokaa ukutani. Kitambaa chenye unyevu kinaiondoa. Ukiona majina ya 1939 hadi 1945 yana mwandiko tofauti, au yanang'aa tofauti na yale ya juu yake ukiyatazama kwa pembeni, chukulia kwamba hayakuchomwa mpaka mtaalamu aseme vingine.

Adui wa herufi zote hizo ni maji, na ukumbi ni kiwanda cha maji. Hewa yenye nyuzi joto 20 na unyevu wa asilimia 60 huanza kutona matone ikigusa kitu chenye nyuzi 12. Kioo kimoja cha milimita 3, usiku wa Januari, kinashuka chini ya hapo bila shida. Halafu wanakuja watu. Mtu aliyeketi tu hutoa takriban gramu 50 za maji kwa saa kwa kupumua na kwa ngozi. Watu 100 ni lita 5 kwa saa, kabla hujahesabu birika la chai linalochemka kwenye jiko la pembeni. Kanisa lina dari refu na baridi yake ni ya kudumu. Ukumbi una dari fupi, hupashwa moto ghafla saa mbili kabla ya shughuli na kuzimwa mara watu wakiondoka. Kioo kinapoa, ukuta unapoa, maji yaliyo hewani yanatafuta pa kutua. Mara nyingi mtambo wa joto nao umewekwa chini ya dirisha, kwa hiyo ukanda wa majina unaloa usiku na kuoka asubuhi. Rangi iliyochomwa vibaya haiwezi kuvumilia mzunguko huo majira baada ya majira.

Waliojenga zamani walilijua hilo. Chini ya madirisha mengi, kwenye kizingiti cha ndani, pana mfereji mdogo uliotandikwa madini laini ya risasi, wenye vitundu vya kutolea maji nje. Tafuta vitundu hivyo kabla ya kufanya jambo lolote jingine. Mara nyingi vimezibwa na rangi ya ukuta iliyopakwa tena na tena, au na saruji ya fundi aliyedhani anaziba ufa. Mfereji ukijaa, maji yanasimama kwenye ukingo wa chini wa paneli, yanalainisha puti, yanalisha kutu, na herufi za mstari wa mwisho zinakaa majini. Kuvifungua hakuhitaji mtaalamu: kijiti cha mbao au cha plastiki, taratibu, kisha maji nusu kikombe kwenye mfereji, mbali na kioo, na mtu mwingine nje akitazama kama yanatoka. Usitumie bisibisi, risasi ni laini na utaitoboa. Kuzibua vitundu na kuweka utaratibu wa kufungua matundu ya hewa kwa nusu saa baada ya kila mkutano kunaokoa majina mengi kuliko usafishaji wowote wa gharama.

Baada ya maji, chuma. Paneli za vioo zimeshikwa na kanda za risasi zenye umbo la H, zilizolehemiwa kwenye maungio na kujazwa puti ya mafuta ya kitani na unga wa chaki. Mita moja ya mraba ina uzito wa kilo 15 hadi 20, na risasi haiwezi kuubeba ikiwa peke yake. Ndiyo maana fito za chuma hupita kwa ndani, kila baada ya sentimita 30 hadi 45 hivi, na paneli hufungwa kwenye fito hizo kwa nyaya za shaba. Nyaya zikikatika, paneli inacheza kila upepo ukivuma, risasi inachoka kama waya unaokunjwa na kunyooshwa, na vioo vinaanza kugongana. Ufito nao ukipata maji unakula kutu na kuvimba, hasa kwenye ncha zilizozikwa ndani ya jiwe, na jiwe linapasuka. Mafundi wazuri hawang'oi ufito mzima. Wanakata ncha zilizooza na kuunga ncha mpya za chuma kisichoshika kutu. Ni kazi ndogo ikifanywa mapema. Jiwe likishapasuka inakuwa kazi ya waashi, na dirisha lazima litoke.

Kutoa dirisha ndiko hasa ninakotaka watu waogope. Madirisha haya sasa yana miaka 100 au zaidi, na kuna msemo unaozunguka kwamba risasi huisha kwa karne moja, basi zamu yake imefika. Risasi haina kalenda. Risasi nzuri, yenye puti nzima na nyaya nzima, inaweza kuendelea kwa miongo mingine mingi. Paneli iliyovimba kidogo si lazima ifumuliwe: gusa kwa ncha za vidole, polepole, sehemu isiyo na rangi iliyochorwa. Kama haichezi, haitoi mlio, na vioo vya hapo havijapasuka, iache, ipime, iandike, irudie mwaka ujao. Mkandarasi anayependekeza risasi yote ibadilishwe kabla hajapanda ngazi atafutiwe mbadala. Kila paneli inayotolewa inalazimu kubomoa lipu iliyoishika kwenye jiwe, na kama aliyetangulia alitumia saruji ngumu badala ya chokaa, kingo za vioo ndizo zitakazolipa. Ukingo wa chini, wenye majina, ndio uliobanwa zaidi.

Usafi una madhara yake. Wahudumu wa kujitolea wana moyo mwema, chupa ya dawa ya vioo na kitambaa, na vitu hivyo vitatu vimefuta majina mengi. Dawa hizo huwa na amonia au sabuni, siki haifai, kitambaa chenyewe ni msasa kwa rangi iliyolegea. Upande wa nje nao si salama kama inavyodhaniwa, kwa kuwa mafundi wengi walipaka kivuli cha rangi nyuma ya kioo pia. Katika usafi, kinachoruhusiwa kwa asiye mtaalamu ni kutazama. Shika kurunzi sambamba na kioo ili mwanga uparaze uso wake: rangi iliyoinuka itaonyesha kivuli kidogo kwenye kingo. Ukiona vivuli hivyo, hata brashi laini isipite. Mtaalamu atakuja na maji yaliyotolewa madini na vijiti vya pamba, atajaribu sehemu ya ukubwa wa ukucha, na huenda akaamua kwamba uchafu ubaki, maana wakati mwingine uchafu ndio unaoshikilia rangi.

Kinachofanyika vibaya kuliko vyote ni kinga ya nje. Mtu anarusha jiwe, kamati inaogopa, na kipande cha polikaboneti, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kinapigiliwa nje ya dirisha na kuzibwa pande zote. Baada ya miaka michache kimegeuka njano na kujaa mikwaruzo. Ndani yake joto la jua linapanda, unyevu umenaswa, risasi inatanuka na kuvimba. Kama tishio ni mawe au mipira, wavu wa chuma kisichoshika kutu, uliopakwa weusi na kukatwa kwa umbo la kila uwazi, unatosha na unapumua. Wavu wa mabati wa bei rahisi utaacha michirizi ya kutu juu ya mawe. Kama tishio ni maji, na majina yanadondoka kweli, basi kinga ya kweli ni kuweka kioo kipya cha kawaida kwenye mfuo wa jiwe ulioshika dirisha tangu awali, na dirisha la kumbukumbu kusogezwa ndani kwenye fremu yake, pakiachwa nafasi ya sentimita 4 au 5 na matundu juu na chini ili hewa ya ukumbi izunguke pande zote mbili. Kioo cha nje kinabeba mvua na baridi. Cha kale kinakaa katika joto moja mbele na nyuma, na matone yanatua kwingine. Ni ghali, linabadilisha sura ya jengo kwa nje, na ndilo jibu pekee lililothibitika kwa rangi inayomenyuka. Ningependa liwekwe kwenye paneli ya majina peke yake kabla ya dirisha zima kupigwa msasa na kung'arishwa, ila ni wachache wanaoagiza hivyo.

Na majina yaliyokwisha potea? Kuna vishawishi viwili, na vyote vikataliwe. Cha kwanza ni kupaka herufi upya juu ya kioo cha zamani. Cha pili ni kukirudisha kioo hicho tanurini na kuchoma upya. Kioo cha karne moja, chenye kutu na chembe za unyevu, kinaweza kupasuka au kubadilika rangi, na hakuna kurudi nyuma. Njia inayokubalika kitaaluma ni kukata kioo chembamba kisicho na rangi, cha milimita 1 au 2, kuandika juu yake herufi zilizokosekana, kukichoma, na kukiweka nyuma ya cha asili ndani ya risasi hiyo hiyo. Kwenye kona fundi aandike mwaka na jina la karakana. Kesho mtu akigundua kosa, anakitoa tu.

Ili kujua kilichoandikwa, anza na kioo. Piga picha mbili: moja siku ya mawingu, mwanga ukipita kutoka nje, nyingine usiku, taa ikiwa ndani na kuelekezwa kwa pembe kali. Mahali rangi ilipodondoka, uso wa kioo mara nyingi umechakaa tofauti na jirani yake, na herufi inaonekana kama kivuli kilichofifia. Linganisha na hifadhidata ya Tume ya Makaburi, lakini fahamu mipaka yake: inahesabu vifo vya kuanzia 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921, na vya 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Aliyekufa 1923 kwa mapafu yaliyounguzwa na gesi anaweza kuwa kwenye dirisha na asiwe kwenye hifadhidata, na hilo halimfanyi kuwa kosa la fundi. Wala usisahihishe tahajia. Kama familia ilikubali jina liandikwe hivyo 1921, hivyo ndivyo linavyobaki, na maelezo yaende kwenye faili.

Nimesema sheria ni sababu ya pili. Ndani ya kanisa la Kianglikana Uingereza, huwezi kubadilisha dirisha bila kibali cha mahakama ya dayosisi. Kamati ya ushauri italiangalia, na mtu atauliza maswali. Wakatoliki, Wamethodisti, Wabaptisti na wengineo wana mifumo yao iliyotambuliwa na serikali, na kwa sababu hiyo makanisa yao yamesamehewa sehemu ya taratibu za kawaida za majengo ya urithi. Msamaha huo unahusu nyumba za ibada. Ukumbi si nyumba ya ibada. Kama umeorodheshwa kuwa jengo la urithi, unahitaji kibali cha halmashauri kama jengo lolote jingine. Kama haujaorodheshwa, na kumbi nyingi za miaka ya 1920 hazijaorodheshwa, mara nyingi hakuna anayepaswa kuulizwa. Dirisha linaweza kutolewa Jumatatu na kuuzwa Ijumaa. Sheria ya 1923 inaziruhusu halmashauri kutumia fedha kutunza kumbukumbu za vita, lakini kuruhusu si kulazimisha. War Memorials Trust, shirika la hisani lililoanza 1997, hutoa ushauri na misaada, na Imperial War Museums, makumbusho ya vita ya Uingereza, huweka rejista yenye kumbukumbu zaidi ya 90,000. Kuwa kwenye rejista hakuzuii nyundo, ila kunafanya upotevu uonekane, na ndiyo maana kusajili ni kazi ya juma hili. Andika vipimo, maandishi yote neno kwa neno, mahali dirisha lilipo ndani ya jengo, na ambatisha zile picha mbili.

Watu wakisikia kuondolewa kwa dirisha hufikiria Washington. Kanisa kuu la taifa la huko lilikuwa na madirisha ya majenerali Lee na Jackson, waliopigania upande wa watetezi wa utumwa, yaliyowekwa 1953. Yaliondolewa 2017 baada ya mjadala wa wazi, na 2023 nafasi yake ikachukuliwa na kazi ya Kerry James Marshall. Naona walifanya sawa, na walifanya kwa utaratibu: walijadili, wakaeleza, wakatoa, wakahifadhi. Madirisha ya kumbi hayaondoki hivyo. Yanaondoka kwa sababu paa linavuja, waumini wamepungua na jengo limepata mnunuzi.

Ikifika hapo, kuhamisha ni afadhali kuliko kubomoa, na ghala ni hatua ya mwisho. Kila paneli ipewe namba kabla ya kuguswa, ifungwe ikiwa imesimama wima na isilazwe, na kreti zisiwe za mbao za mwaloni. Mvuke wa mbao hizo una asidi inayogeuza risasi kuwa unga mweupe. Atakayezishika avae glavu. Kisanduku chenye taa nyuma, kinachopendwa sana siku hizi, kikubaliwe pale tu ambapo hakuna uwazi wa kweli wa dirisha, na taa ziwe za mwanga uliotawanywa, zenye nafasi ya joto kutoka. Hata hivyo kioo kinakufa nusu humo, maana mwanga hausogei.

Jambo la mwisho liko kwenye mkataba. Kwa sheria ya Uingereza dirisha ni sehemu ya jengo, na jengo likiuzwa linaenda nalo, isipokuwa mkataba useme vingine. Kifungu kiandikwe kabla ya saini: dirisha limetolewa kwenye mauzo, picha zimeambatishwa, nani atalitoa, nani atajaza uwazi na kwa gharama ya nani, litakwenda wapi na kufikia tarehe gani. Kibao cha shaba kilicho ukutani kitajwe peke yake katika kifungu hicho. Mafundi wa vioo huja kuchukua vioo, na kibao kisichotajwa hubaki kwa mnunuzi.